Akwii Aenda Busia

Hospitali ya Kocholia ilikuwa karibu, lakini nusu ya akina mama wa kanisa lake walikuwa na ndugu waliofanya kazi huko. Kwa hiyo Akwii, mjane anayewauzia madereva wa malori chai na chapati pale mpakani Malaba, alifunga kibanda akaenda Busia, asikojulikana.

Siku kadhaa kabla, akioga, alikuwa amegusa kidonda mahali pa siri. Hakikuuma. Hilo ndilo lililomtia hofu.

Katika hospitali ya Busia, muuguzi alikuwa msichana anayeitwa Sharlyne, wa umri wa bintiye. Alifunga mlango.

"Mama, nitakuuliza maswali ambayo tunauliza kila mtu. Uko na mwenzako?"

"Mume wangu alikufa."

"Pole sana. Na baada yake?"

Akwii alitazama sakafu. Tangu msiba, watu walimuuliza habari za shamba, za watoto, za biashara. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama kuna mtu anayemshika mkono.

"Yuko mmoja," alisema. "Dereva. Anaitwa Quinton. Foleni ya malori ikikwama, anakuja kwangu."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka jina hilo mbele ya mtu. Machozi yakamtoka.

Sharlyne alimngoja atulie, akamchunguza, akamtoa damu. Majibu yalipatikana asubuhi hiyohiyo: virusi vya ukimwi hakuonekana navyo, ila arudi kupimwa tena baada ya miezi mitatu. Kaswende alikuwa nayo.

"Inatibika, mama. Ni sindano. Lakini mwenzako naye lazima apimwe, na msikutane kwanza."

Baada ya sindano, Akwii alisimama nyuma ya jengo akapiga simu. Injini ilikuwa ikinguruma upande wa pili. Alimweleza yote, polepole, kama anayeelekeza mtu njia.

"Sawa," Quinton akasema. "Nitapimwa nikifika Kampala."

Akwii alingoja amuulize anaendeleaje. Simu ikakatika.

Alirudi kuketi kwenye benchi la wagonjwa, akiegemea upande mmoja kwa maumivu ya sindano. Jirani yake, mama aliyempakata mtoto mwenye homa, alisogea kumpa nafasi.

"Na wewe dada, umemleta nani?"

Akwii alifikiria kumtaja mjukuu.

"Nimejileta mwenyewe," alijibu.

"Umefanya vizuri," yule mama akasema, akaendelea kumpepea mwanawe.