Mlinzi Chini ya Sindano

Usinione naongea sana ukadhani siogopi. Alhamisi ile niliporudi kutoka shule nikamkuta mama anashona kwa kasi, karatasi ikiingia chini ya sindano pamoja na kitambaa, begi lilinidondoka pale pale mlangoni. Ile karatasi naijua. Ina mlinzi aliyejificha nyuma ya pipa, kofia imemziba macho, na paka amekaa juu ya pipa anamtazama. Ni ya kitabu cha Kufuli.

Kufuli ni msichana ninayekaa naye dawati moja. Jina hilo tulimpa sisi darasani, maana haazimi mtu kitu: si kalamu, si rula, hata jibu hakupi. Basi siku moja katikati ya somo la hesabu nikamsikia anacheka peke yake, kichwa chini ya dawati. Mimi na udadisi wangu tena! Nikainama na mimi. Kumbe ana kitabu cha katuni mapajani, kimechakaa, jalada halipo, kurasa zimeshikiliwa na uzi. Mchoraji wake anajiita Mzee Wino. Sikuwahi kumsikia. Nikasoma ukurasa mmoja kwa jicho la pembeni, nikanasa.

Watu wa Mzee Wino wana pua kubwa na soksi zisizofanana, lakini akichora mtu mwenye hofu, unaiona hofu mpaka kwenye vidole vya miguu. Kitabu chenyewe ni cha mlinzi mwoga anayelinda ghala, na hajui ndani kuna nini. Kila usiku anausogelea mlango, kila usiku anatimua mbio. Nilimsumbua Kufuli mpaka akachoka.

"Ni cha kaka yangu," alisema Jumatano. "Kaka yuko safarini na lori lake, anarudi Jumamosi. Ijumaa asubuhi kiwe mkononi mwangu. Kikikosekana, mimi na wewe basi."

Mimi marafiki wa kupiga nao kelele ninao tele. Wa kunong'ona naye, ndiyo kwanza nilikuwa nimempata.

Jioni ile nilikisoma chote, nikabakiza ukurasa wa mwisho, kama mtu anavyobakiza kipande cha nyama pembeni mwa sahani. Mdogo wangu anatafuna kila karatasi anayoiokota, kwa hiyo nikakificha asikofika: juu ya kabati, katikati ya magazeti ya zamani ya mama. Akili nyingi huondoa maarifa.

Mama ni fundi cherehani, na magazeti yale hayasomwi na mtu. Kitambaa kikiwa cha kuteleza, mama hukiwekea karatasi chini ili kisikunjamane kwenye meno ya cherehani. Anashona vyote pamoja, kisha anaikamata karatasi na kuichana, mshono unabaki safi. Na wiki ile alikuwa na sateni ya harusi.

"Mama, usichane!"

Mguu wake ulisimama juu ya kanyagio. "We mtoto! Unataka nijishone kidole?"

"Hicho ni kitabu! Cha mwenzangu!"

Kurasa tatu zilikuwa zimeshonewa kwenye pindo la gauni, na vidole vyake vilikuwa tayari vimeshika pembe ya ukurasa wa mwisho. Nyingine zote zilikuwa mezani, salama. "Hiki?" mama akauliza. "Hakina hata jalada. Nilijua takataka."

Kwenye kiti cha wateja alikuwa amekaa shangazi wa bibi harusi, pochi mapajani, amefuata gauni la kwanza. "Fundi, gari linanisubiri nje," alisema. "Chana, nipe nguo yangu niende."

Akichana, kurasa zinakatika pale pale kwenye matundu ya sindano. Njia nyingine ilikuwa kufumua mshono wote kwa wembe, uzi kwa uzi, halafu kuanza upya. Mama akanitazama usoni.

"Cha watu kweli?"

"Cha watu, mama. Kesho asubuhi anakitaka. Asipokipata hatanisemesha tena." Nikaangua kilio. Sikulia kwa adabu hata kidogo.

Sasa, mama yangu ana ugonjwa mmoja: mali ya mtu. Mafundi wengine vipande vinavyobaki wanawashonea watoto wao kaptura. Yeye anavitia kwenye mfuko na kumrudishia mwenyewe, hata viwe vya kufutia miwani tu.

"Dada, nivumilie," alimwambia shangazi. "Nafumua."

"Unafumua gauni langu kwa ajili ya vikatuni?"

"Nafumua kwa sababu si changu."

Shangazi akasonya. Wembe ukaanza kupita kati ya sateni na karatasi, na sateni haina msamaha. Mkono ukiteleza kidogo tu, gauni limekwisha. Mimi nilishika kitambaa kisicheze, hata kupumua naogopa. Shangazi alisimama, akakaa, akasimama tena, akapiga simu na kusema kwa sauti tusikie kwamba fundi amerukwa na akili. Ukurasa wa kwanza ukatoka. Wa pili ukatoka. Kwenye wa mwisho mama akapunguza mwendo, nikaona midomo yake inacheza. Alikuwa anasoma.

Gauni liliposhonwa upya, shangazi alilikagua pindo lote, hakuona kosa. Kisha akanyoosha kidole kwenye rundo la vitambaa vya magauni yaliyobaki. "Na hivyo nipe. Nampelekea fundi asiye na watoto."

Mama akamfungia vyote, pamoja na vipande vidogo, akamsindikiza mpaka mlangoni. Aliporudi alikaa mbele ya cherehani isiyo na kazi. Nilitamani anigombeze, yaishe.

"Sasa ghalani kuna nini?" akauliza.

"Hata mimi sijui."

"Mlango unafunguka, halafu basi? Huyo mchoraji hana huruma." Akajifuta macho kwa kiganja, akazipanga kurasa na kuzifunga tena kwa uzi. "Kesho usimdanganye mwenzako. Mwambie."

Asubuhi Kufuli alikuwa ananisubiri getini. Maneno nilikuwa nimeyapanga njia nzima, lakini mkono ukatangulia. Nikampa kitabu. Akauinua ukurasa wa mwisho juu, mwanga ukapenya kwenye matundu, mstari mnyoofu uliokatiza shingoni mwa mlinzi.

"Nani kafanya hivi?"

"Mama, kwa cherehani. Lakini mimi ndiye niliyekiweka kwenye magazeti yake. Kaka yako akiuliza, nipeleke kwake."

Akakitia kwenye begi, akafunga zipu. Nikajua yameisha. Nikageuka niende darasani peke yangu.

"We, unakwenda wapi?"

Zipu ilikuwa wazi tena. Mkononi alikuwa na kitabu kingine, hiki jalada lake lipo, jina la Mzee Wino juu, na chini yake mlango wa ghala umefunguka. Nikanyoosha mkono bila kufikiri. Akakivutia kifuani.

"Hiki hakiendi kwenu," alisema. "Hakiendi popote. Kaa hapa, usome nikikuona."

Nikakaa naye pale ukutani. Alikishika yeye, upande mmoja juu ya goti lake, upande mmoja juu ya langu, na mikono yangu akaniambia niiweke nyuma. Kila nilipomaliza ukurasa niliitikia kwa kichwa, naye akanifungulia.