Kura ya Maharagi

Kavira alikuwa amepika chai ya mukutano yeye mwenyewe, akaazima viti kwa bajirani, akafagia lupango mara mbili, na sasa bamama bote balikuwa banaangalia Jeannine.

Ilikuwa Butembo, mwezi wa sita, mwaka ule vita ilikuwa imechoka lakini haijakufa. Bakubwa ya vita balikuwa bametia sahihi huko mbali, na maparti ya siasa yenye ilikuwa inajificha ikaanza kutoka moja moja, kama watu banatoka porini kuangalia kama basoda na bunduki zao bamekwenda kweli. Kwa kartié yao, ni kusema mutaa, ilitoka parti ya balibéro, watu ya uhuru. Mwalimu Melchior njo aliileta. Kila siku ya posho, jumamosi, saa tisa, alikuja na daftari yake na kufundisha. Mutu anazaliwa huru. Iko na haki ya kusema mawazo yake, ya kuomba Mungu namna anataka, ya kuuza na kununua bila mwenye bunduki kumupangia bei. Mbuzi yako ni yako, soda hawezi kuikamata juu tu iko na njaa. Sheria iko juu ya chef mwenye kutawala sawa vile iko juu ya mubeba makala ya kupikia. Na chef mwenyewe, watu njo banamuchagua, na watu banaweza kumutosha kwa kiti.

Kavira alikomea mwaka wa tatu wa masomo ya primaire, lakini maneno ile aliishika yote kwa kichwa. Akipalilia shamba, anaisema. Siku moja kwenye bariera ya basoda kwa njia, soda alitia mukono kwa kitunga chake kukata ndizi. Kavira akamwambia: «Mutoto wangu, hii ni mali ya mutu. Omba kwanza.» Soda akacheka mpaka akasahau ndizi.

Miaka kumi na moja alikuwa anaongoza kundi ya bamama ya kulimiana mashamba kwa zamu. Hakuna mutu alimuchagua, hakuna mutu alimukataa.

Halafu Jeannine akakuja. Alikuwa mwalimu, muzaliwa wa Kasaï, serikali ilikuwa imemutuma kufundisha Mabalako. Mwezi wa kumi na mbili vita ikamutosha huko pamoja na bwana yake Roger. Bakafika Butembo kwa miguu, miguu yenyewe imevimba kama mikate. Kavira njo aliwapa nyumba yake ya nyuma, pembeni ya jiko. Kisha Roger akapata kazi Beni, kule Bungulu, akawa anarudi mara moja kwa mwezi. Jeannine akabaki. Mwezi wa tatu akaomba kashamba, Kavira akamupa. Akaomba mbegu, na hapo Kavira akafanya kitu hajafanya kwa mutu yeyote: akamupa kikombe cha maharagi ya mama yake marehemu, ile ya zambarau yenye kamustari keupe kwa jicho. Jemima, muke wa ndugu mudogo wa bwana yake, aliomba mbegu ile miaka mitano. Kila mwaka Kavira alimujibu kama mvua imeharibu.

Kumbe alikuwa anamulisha mwenye atamukalia kwa kiti.

Jeannine aliandikia bamama mabarua. Alibasomea bulletin ya masomo ya batoto. Kinande chake, luga ya pale, kilikuwa kibaya sana, na bamama balipenda ile Kinande kibaya kuliko Kinande kizuri cha Kavira. Akisema *wasingya*, aksanti, banacheka, banapiga mapaja. Kavira akisema *wasingya*, hakuna mwenye kucheka. Wivu ukamuingia kama moshi ya kuni mbichi: unafuta macho, unatoka inje, unarudi, ungali unalia.

Sasa siku ile Melchior akasema parti inataka mama mumoja aende kwenye mukutano mukubwa wa Beni, asimame mbele ya watu, aseme kwa jina la bamama bote ya kartié. Kavira akashusha macho kama mutu anangojea kuitwa. Kikwembe kipya cha kuvaa safari alikuwa amekwisha kukinunua.

«Donc, basi, tuchague», Jemima akasema.

«Tuchague nini?» Kavira akauliza.

«Si Mwalimu alisema watu banachagua? Ao ilikuwa ya chef tu?»

Mama Kasika, muuza chumvi, akataja Jeannine. Jeannine akatikisa kichwa. «Hapana, bamama. Mie niko mugeni. Mama Kavira yuko.»

«Kwa balibéro hakuna mugeni», Melchior akamukatiza. «Hatuulizake mutu kabila yake.»

Neno lile Kavira alilisema mara mia kwa shamba. Siku hiyo, mara ya kwanza, lilimufinya.

Lakini hakutaka kuonekana. «Sawa», akasema. «Wengi hapa hatujue kuandika. Kila mama alete haragi moja ya kwake. Tutatia nyungu mbili kwa jiko, nyuma ya pazia. Nyungu nyeusi yangu, nyungu nyekundu ya Jeannine. Hakuna mwenye ataona mwenzake.»

Melchior akafurahi sana. Kura ya siri, njo ilikuwa kwa daftari yake. Yeye alizaliwa mujini. Kwake haragi ni haragi.

Bamama bakaingia mumoja mumoja. Melchior akahesabu mbele ya bote: nyeusi kumi na mbili, nyekundu kumi na ine. Kavira akapiga makofi mpaka mikono ikawaka.

Bote bakaenda zao. Jua lilikuwa lingali juu wakati Kavira aliketi kwa jiko na lungo, akamwanga maharagi ya nyungu nyekundu. Akainama. Na pale, bila kutafuta, akaona bamama.

Ile ya manjano, ndogo ndogo, ilitoka kwa Mama Kasika. Ile nyeusi, kwa mujane wa chini ya kilima. Na ile kubwa, nyekundu, yenye madoa sawa mutu alinyunyizia damu, ni shamba moja tu iliizaa, nyuma ya nyumba ya Jemima.

Jemima. Mwenye alimushikia mugongo kwa kila uzazi.

Kavira akaifunga haragi ile kwa pembe ya kikwembe alichovaa, akasimama aende kwa Jemima. Hakufika mbali. Jemima mwenyewe alikuwa anaingia na viti viwili vya mukutano kwa kichwa.

«Yaya, dada yangu, ungali unakasirika?»

«Nikasirike juu ya nini?»

«Juu ya kura.»

«Kura ni siri.» Vidole vya Kavira vilikuwa kwa fundo. «Mie najua nani alitia wapi?»

Jemima akashusha viti polepole. «Mie nilikutilia wewe, yaya. Ujue.»

Kavira akasikia joto mpaka kwa masikio. Hapana, hatafungua fundo bure bure. Ataleta nyungu nyeusi kwanza, amwange yote mbele yake, amwambie: haya, tafuta yako. Akaingia, akarudisha ya kwanza kwa nyungu nyekundu, akaleta nyeusi, akamwanga kwa lungo. Haragi kumi na mbili. Yenye madoa haikuwako.

Lakini ya zambarau ilikuwa mbili.

Moja aliitia yeye mwenyewe. Alitazama ya pili, akaigeuza, akatazama kamustari keupe. Duniani ni watu babili tu balikuwa na mbegu ile.

«Yaya, ni nini?» Jemima akauliza.

Kavira kwa mawazo alimuona Jeannine nyuma ya pazia, peke yake, mukono unapita nyungu nyekundu unaenda kwa nyeusi, bila mutu wa kumuona na kumusifu. Na moyo wa Kavira haukulainika. Uliuma zaidi. Hata hapa amenipita, akawaza. Hata ningeshinda, ningeshinda na haragi yake.

Akainua macho. Jemima alikuwa anaangalia lungo, na uso wake ulikuwa umekauka namna sura ya watu inakauka mbele ya bariera, soda akiwa bado hajasema anataka nini. Kavira aliijua sura ile. Aliibeba yeye mwenyewe miaka mitano ya vita. Hakujua kama inaweza kukaa kwa jiko yake, mbele yake.

Akafungua fundo chini ya kikwembe, haragi ya madoa ikaangukia ile ingine kwa lungo. Akachanganya nyungu zote mbili kwa mukono, akaosha, akatia kwa moto.

«Leta kuni», akamwambia Jemima. «Siku ingine Melchior alete maharagi ya parti, ya gunia moja. Yetu inasema sana.»

Jemima akaleta kuni nyingi kuliko ilihitajika.

Maji yalikuwa yameanza kutokota wakati Jeannine alirudi na bidon ya maji. Akasimama kwa mulango. «Mama, nimewaza. Uende wewe Beni. Mie nitabaki na nyumba.»

«Watu bamekuchagua», Kavira akasema bila kugeuka. «Utaenda. Siku batakuchoka, batakutosha.»

«Basi uniazime kile kikwembe kipya. Hiki changu kimepasuka.»

Kavira akakoroga maharagi mara mbili, mara tatu.

«Kile hapana», akasema. «Kile ni mali ya mutu.»