Mama wa Kompyuta

Baba aliishika picha kwa ncha za vidole, akatoka nayo hadi mlangoni ambako mwanga wa saa nne ulikuwa mzuri, akaitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama kitu changu chochote, zikiwemo ripoti za shule.

"Huyu mama ni wa upande wa Kiambere," akasema. Hakuwa anauliza. "Udongo huu si wa kwetu. Huku kwetu mguu ungekuwa mwekundu."

Nilikuwa nyuma ya meza ya studio, nimeshika ukingo wake kwa mikono miwili.

"Umempiga asubuhi," akaendelea. "Jua liko chini bado, linaingia kushoto, chini ya turubai. Ukangoja likamfikia shavuni. Na miguu yote iko." Akageuka kunitazama. "Alikubali vipi? Akina mama wa soko hawapendi kuangaliwa usoni hivi."

Nilijua saa ya kusema ukweli imefika, lakini ulimi ulinigomea. Nilitaka anisifu dakika moja zaidi. Sijuti, nilikuwa nimeingoja dakika hiyo miaka ishirini na sita.

Studio ya baba yangu, Salesio, imekaa kando ya soko la Gakoromone tangu kabla sijazaliwa. Nusu ya Meru imewahi kusimama mbele ya pazia lake la rangi ya samawati, watoto wa kipaimara, maharusi, wazee wanaotafuta picha ya kitambulisho. Kisha simu zikaja, kila mtu akawa mpiga picha wa nafsi yake. Mwaka ule magoti ya baba yalianza kumsumbua, akatangaza tukiwa mezani kwamba Pasaka ikifika atamkabidhi mmoja wetu ufunguo na kupumzika. Kaka yangu Mutuma alitaka kuigeuza studio kuwa duka la kava na chaja za simu, na hakulificha jambo hilo. Mimi nilitaka ibaki studio. Niliitaka mpaka nikawa naiota.

"Ufunguo ni wa mpiga picha," baba alisema. "Lakini nani hapa amewahi kuona picha ya Ntinyari?"

Ntinyari ni mimi. Mutuma alinisogezea sahani ya chapati kwa upole wa mtu anayemliwaza mfiwa, nami nikatamani kumrushia.

Ukweli ni kwamba nilikuwa na picha zaidi ya mia nne. Tatizo ni kwamba hakuna hata moja niliyoipiga kwa kamera.

Wakati huo nilikuwa naishi Embu, mtaa wa Dallas, nikifanya kazi kwa Njiru, ambaye alikuwa na chumba cha kompyuta za kuchezea gemu. Kazi yangu ilikuwa kuandikisha wachezaji, kurekebisha nyaya na kuwatenganisha wavulana wazima waliotaka kupigana kwa sababu ya goli la kwenye skrini. Saa za asubuhi wateja walikuwa haba, kwa hiyo nilicheza. Kulikuwa na gemu moja ya shujaa mwenye upanga anayevuka milima akitafuta kiti cha enzi cha babake. Kisa chenyewe sikukijali. Nilipenda soko lililokuwa njiani.

Shida ya gemu kama hizo ni kwamba kamera yake imefungwa mgongoni kwa shujaa. Akikimbia inakimbia naye, akigeuka inageuka. Unaiona dunia nzima kupitia bega la mtu mwenye haraka. Siku moja Njiru alinipakulia programu ndogo iliyotengenezwa na wapenzi wa gemu hiyo wenyewe, wala si kampuni. Wao huiita kamera huru.

"Manze, bonyeza hapo," akaniambia. "Si uone."

Nikabonyeza. Soko zima likasimama. Moshi ulikwama hewani, kuku akabaki na mguu mmoja juu. Nikasukuma kipanya taratibu, kamera ikabanduka mgongoni kwa shujaa, ikamwacha pale na upanga wake, ikaanza kwenda ninakotaka mimi. Ningeweza kuipandisha juu ya mapaa au kuishusha hadi kwenye vumbi. Ningeweza kubadilisha lensi, hata kulisogeza jua. Nilicheka kwa sauti peke yangu kama mwehu.

Pembeni ya soko hilo palikuwa na mama wa kuuza vibuyu, ameketi akiuelekea ukuta. Nilikuwa nimempita mara mia. Nilizunguka nikampata kwa mbele, na moyo ukanipasuka kidogo. Alikuwa na uso. Mtu fulani, mbali sana, katika ofisi ambayo sitawahi kuiona, alikuwa amempa mikunjo ya macho, pengo la jino na kilemba kilichochakaa upande mmoja. Nikashuka chini zaidi. Alikuwa amechorwa nyufa kwenye visigino. Hakuna mchezaji ambaye angeziona nyufa hizo, na bado zilichorwa.

Hapo ndipo nilipomkumbuka baba, kwa sababu baba ana sheria moja isiyovunjwa: mama wa Meru hakatwi miguu. Amevaa viatu vyake vya kanisani, ametembea navyo toka Nkubu, halafu umletee picha inayoishia magotini? Atakurudishia. Nimewaona wakirudisha. Basi nikarudi nyuma mpaka miguu yote ikaingia, nikalishusha jua, nikalipandisha kidogo, nikalishusha tena. Nilimpiga yule mama kwa siku kumi na moja kabla ya kuridhika. Kisha nikaichapisha kubwa kwenye karatasi nzuri, nikapanda gari la Meru.

"Baba," nikasema hatimaye, pale mlangoni. "Huyo mama hayuko."

Baba akavua kofia. "Pole. Amefariki lini?"

"Hajafariki. Hajawahi kuzaliwa."

Mutuma, aliyekuwa akipima kuta kwa utepe ili ajue rafu zake zitakaa wapi, aliangua kicheko kabla sijamaliza kueleza. "Si nilikwambia, baba? Hiyo ni gemu! Ametuletea mtu wa gemu!"

Baba aliirudisha kofia kichwani polepole. Aliiweka picha mezani, uso ukiangalia chini, akatoka. Nilimfuata kwa macho mpaka akapotea katikati ya mafungu ya ndizi. Hakuwa amekasirika tu, alikuwa ameaibika, maana alikuwa amemvulia kofia mtu asiyekuwepo. Nililia nyuma ya lile pazia la samawati, na Mutuma, nampa haki yake, alizima redio na kuniletea maji.

Kesho yake nilikuwa nafunga begi nirudi Embu baba alipoingia na kikombe chake cha chai.

"Fungua hiyo mashine," akasema.

Niliweka juu ya meza laptopu niliyoazima kwa Njiru. Alivuta kiti, akavaa miwani. Shujaa akatokea, mgongo wake ukajaza skrini.

"Mwondoe huyu, anazuia."

Nikabonyeza. Soko likasimama, kamera ikamwacha shujaa. Baba aliinamisha kichwa mbele. Nilimpeleka hadi kwa mama wa vibuyu.

"Uko juu sana," akasema. "Hapo unamwangalia kama askari wa kanjo anayefukuza wachuuzi. Shuka."

Nikashuka.

"Shuka tena. Ehe. Sasa mwambie ageuze uso kidogo."

"Siwezi kumwambia, baba. Hageuki. Ni mimi nazunguka."

Alinitazama juu ya miwani. "Ulizunguka mara ngapi?"

"Siku kumi na moja."

Alikunywa chai. Nje, mtu alikuwa akinadi karoti kwa kipaza sauti. Kisha baba akaelekeza kidole kwenye kona ya skrini, ambako mzee mmoja alisimama na mbuzi wake. "Huyo ulishampiga?"

"Bado."

"Mpige sasa. Chai isipoe kabla hujamaliza."

Nilielewa. Huo ulikuwa mtihani aliowapa wanagenzi wake wote, mtu usiyemjua na muda usiotosha, na wengi wao niliwaona wakiondoka na mabegi yao. Mutuma alikuja akasimama nyuma yetu. Nilizunguka kushoto, mwanga ulikuwa mbaya. Nikaenda kulia, mbuzi wakamficha. Nikashuka nitafute miguu, na moyo ukashuka nayo, kwa sababu miguu haikuwepo. Waliomtengeneza mzee huyu walikuwa wamemzamisha udongoni kuanzia kwenye vifundo. Nilipoitumbukiza kamera chini ya ardhi nikakuta weupe mtupu. Nikarudi juu. Sheria ya baba ilikuwa moja tu, na mtu huyu hakuwa na njia ya kuitimiza.

Nikaacha kuitafuta miguu. Nilisogea karibu kabisa, karibu kuliko baba alivyowahi kumkaribia mteja, mpaka skrini ikabaki na mikono miwili ya mzee imeshika kamba ya mbuzi, kidole gumba kimoja hakina ukucha, na jua limelala juu ya mishipa. Nikapiga.



"Umemkata miguu," baba akasema.

"Hana, baba. Aliyemchora alichoka. Lakini mikono alimpa yote."

Sauti iliyomtoka baba sikuitambua mara moja. Alikuwa anacheka, anacheka mpaka miwani inamteleza, anajipigapiga paja. "Alichoka!" akarudia. "Mutuma, umesikia? Alichoka!" Chai ilikuwa bado inatoa mvuke.

Hakunipa ufunguo. Baba si mtu wa kufanya mambo kirahisi. Alichofanya ni kuiokota ile picha ya mama wa vibuyu, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati, akaondoa dirishani picha ya harusi iliyokaa pale miaka tisa, akaibandika hiyo. Chini yake akaandika kwa kalamu nene: MAMA WA KOMPYUTA. PICHA: NTINYARI SALESIO.

"Sitaki mtu aseme tumemdanganya," akasema. "Wacha soko liamue. Mpaka Jumamosi."

Nimewahi kuona kazi zangu baadaye zikitundikwa kwenye kuta nyeupe, watu wakizitazama huku wameshika glasi. Hakuna aliyenitia hofu kama wale akina mama wa Gakoromone. Walisimama mbele ya kioo na vikapu mgongoni, wakabishana. Mmoja alisema huyu mama ameuza vyote, anapumzika tu. Mwingine akasema hapana, hajauza hata kimoja, tazama shingo. Wa tatu aliuliza vibuyu hivyo vinauzwaje. Maandishi ya baba waliyasoma, wakayaacha hapo hapo. Mutuma alijaribu kuwaeleza habari za gemu, wakamwambia atoke kwenye mwanga.

Alhamisi ikapita, Ijumaa ikapita. Watu walitazama, hakuna aliyeingia. Jumamosi saa tano, Mutuma alishaanza kunitafutia maneno ya kunifariji, naona alikuwa anayafanyia mazoezi, mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Aliingia Mama Kathure, muuza viazi wa safu ya mbele, mwanamke mpana asiyejua kunong'ona.

"Nani alimpiga yule wa dirishani?"

"Mama, yule si mtu," Mutuma akaanza. "Ni wa kompyuta..."

"Kwani nimekuuliza kama ni mtu? Nimeuliza nani alimpiga. Nataka kama hiyo." Akamgeukia baba. "Salesio, wewe umenipiga mara tatu. Ya ubatizo, ya chama na ya ile pasipoti nilisafiria kwa binti yangu. Zote natoka kama nimeitwa na chifu. Yule mama hajaitwa na mtu. Nipigwe hivyo, na nipigwe pale kwa viazi vyangu, si kwa hii pazia yako."

Nilimtazama baba. Niliogopa kwamba ameumia, kwa sababu maneno yale yangeweza kumuumiza mtu yeyote, sembuse aliyefanya kazi hiyo miaka arobaini. Alikuwa ameinamisha kichwa. Alipokiinua, macho yake yalikuwa na maji na mdomo wake ulikuwa unatabasamu, vyote kwa pamoja.

"Ni huyu," akasema, akaniwekea mkono begani. "Ni mwari wangu, binti yangu."

Akafungua kabati, akaitoa kamera yake kwenye mfuko wa ngozi, ile nzito, akanivika mkanda shingoni. Haikuwa na kitufe cha kusimamisha dunia. Tulitoka. Soko lilikuwa limefurika, wapagazi wanapiga mbinja, kabichi zinarushwa kutoka kwenye lori, jua haliwezi kusogezwa hata kwa unywele. Mama Kathure aliketi juu ya gunia, akaanza mara moja kumgombeza mteja aliyekuwa anachagua viazi kimoja kimoja, akatusahau. Nilimzunguka mara moja. Nikamzunguka tena. Mara ya tatu nikamwona, yeye mwenyewe, kidevu juu, mkono mmoja kiunoni, malkia wa viazi, na nikajua kwa mwili wangu wote kwamba ninaiweza kazi hii.

Nilipogeuka, baba alikuwa amenifuata kwa magoti yake mabovu, akipenya kati ya mikokoteni, amekumbatia kwa mikono miwili ule ubao mweupe ambao wanagenzi wake walikuwa wakiushika kumrudishia mwanga. Alisimama, akahema, akauinua.

"Haya," akasema. "Nisimame wapi?"