Mistari Minane

Mimi ni msusi, na sipendi kuambiwa la kufanya, hasa na wifi yangu. Ameolewa na kaka yangu, tunasuka saluni moja, na hakuna kinachompita bila kukitolea neno. Kwa hiyo siku niliyoinama kuokota chanuo, nikainuka na kujigonga kichwa kwenye kona ya dirisha la chuma, paa! nikaona nyotanyota, yeye ndiye aliyepayuka kwanza.

"Wifi, twende hospitali."

"Kwa nundu hii? Damu haijatoka, sijazirai. Niache."

"Sikio la kufa halisikii dawa."

"Na mdomo wa wifi haujui likizo."

Kichwa kilikuwa kinanigonga na mwanga wa mlangoni unanichoma macho, lakini mwalimu, mteja wangu wa miaka mingi, alikuwa ameshakaa kwenye kiti. Nikamuuliza anataka mistari mingapi. Minane, akasema. Nikaanza kusuka.

Wifi na mwalimu wanasema nilimuuliza tena. Na tena. Mwanzoni mwalimu alicheka, akidhani namtania kwa vile yeye ndiye anayerudiarudia maswali darasani. Mara ya nne hakucheka. Wifi akasema, "Umeshamuuliza hilo," nami nikamjia juu: eti ananionea wivu, ananyemelea wateja wangu, aende akafungue saluni yake. Maneno hayo siyakumbuki, na nayaonea haya mpaka leo.

Ninachokumbuka ni hiki. Nimeshika chanuo, na mbele yangu kichwa cha mwalimu kimesukwa upande mmoja, mistari minne myembamba, imenyooka, safi. Nikapendezwa.

"Nani amesuka upande huu? Ana mkono mzuri."

Wifi, yule yule wifi, hakunitania. Alinishika mkono akaniambia taratibu, "Ni wewe, wifi. Sasa hivi."

Nikaviangalia vidole vyangu. Vilikuwa bado vina mafuta ya nywele. Niliogopa, jamani, nisiwadanganye. Kama vidole vinasuka na mimi sipo, basi mimi niko wapi? Nikavua aproni mwenyewe.

Mwalimu akafunga kitambaa kuficha nusu iliyobaki, akatafuta gari. Hospitalini daktari akaniuliza kama nimefanya kazi baada ya kujigonga.

"Nusu kichwa," nikamjibu.

Akamtazama wifi kwa wasiwasi. "Cha mteja, daktari," wifi akamfafanulia.

Daktari alinimulika macho, akanitembeza, akanipeleka nikapigwe picha. Hakukuwa na damu iliyovuja ndani. "Lakini ubongo wako umetikisika ndani ya fuvu," akasema. "Hausubiri uzirai wala utoke damu ndipo uumie." Walikaa nami wakinichunguza mpaka walipoona nimetulia. Nikaambiwa nipumzike, niipunguze simu, nisisuke mpaka aniruhusu, na nijihadhari nisigongwe tena kabla sijapona. Kisha akamgeukia wifi. Nikitapika, kichwa kikizidi kuuma, maneno yakinivurugika, mkono ukikosa nguvu au nikiwa mgumu kuamka, anirudishe mbio.

"Na asibaki peke yake," akamwambia. "Mara nyingi mwenyewe haoni kuwa ameumia. Anayeona ni aliye karibu naye."

Wifi akahamia kwangu na begi lake, kaka yangu akajifunza kujipikia. Alinifungia mapazia, alinifichia simu, alinikatalia hata kufagia. Nilimnunia. Alininunia pia, lakini hakuondoka.

Wiki tatu zilipopita daktari aliniruhusu kuanza na kichwa kimoja kwa siku. Cha kwanza kilikuwa cha mwalimu. Alikuwa ameshafumua ile nusu, nywele zimechanwa vizuri zinaningoja. Nikashika chanuo.

"Unataka mistari mingapi?"

Wifi akaacha kufagia, akasimama na ufagio mkononi.

Zamani ningefoka. Maneno yalikuwa yameshanifika mdomoni: jamani, mtu haulizi? Lakini nikajikuta sina uhakika. Nikamgeukia wifi, na sauti ikatoka ndogo.

"Ni mara ya kwanza, sivyo?"

Akanitazama kidogo, macho yamemjaa machozi.

"Ya kwanza, wifi," akasema. "Suka."