Salamu za Kapteni Fabian

Kuruka najua, na sioni haya kulisema. Mwezi wa nne sikufeli kwa kutojua. Nilifeli kwa adabu.

Nilikuwa nimekaa nyumbani Karatu miezi minane kwa ajili ya uzazi, na rubani aliyekaa hivyo lazima apimwe upya kabla ya kuruhusiwa kuingia mawinguni, mahali ambapo huoni nje na unategemea vyombo peke yake. Aliyenipima ni Kapteni Fabian, mzee wa Mbulu, rika la baba yangu. Alinivalisha kofia yenye ukingo mrefu nisione dirishani, tukaanza kushuka kuelekea uwanja wa Kilimanjaro. Zilipobaki futi mia tano, akaniuliza kwa upole, "Mama yako hajambo?" Nikamgeukia, nikajibu kama nilivyolelewa. Akauliza habari za mvua. Nikajibu na hiyo. Niliporudisha macho kwenye vyombo, tulikuwa chini ya kimo kinachoruhusiwa.

"Umetuua, mwanangu," alisema, "ila kwa heshima zote."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Akanipa wiki sita. Nikifeli tena, ndege ya madaktari wa kwenda Samunge na Piyaya ingepewa rubani mwingine, na njia ile ni yangu. Ukungu wa ukingo wa Ngorongoro naujua kama jiko langu.

Basi nikafunga simuleta stoo, katikati ya magunia ya mahindi: kompyuta yenye programu ya kuigiza ndege, skrini mbili, usukani, na pedali nilizonunua kwa mtu Arusha. Saa za simuleta ya nyumbani haziingii kwenye kitabu changu cha urubani, lakini macho na mikono havijui hilo. Kila asubuhi nilishuka Kilimanjaro mara nne ndani ya mawingu. Shida ni kwamba kwetu watu hawaishi kubisha hodi. Mtu akibisha, nabonyeza kitufe, ndege inasimama angani, nakwenda kusalimia, narudi naendelea. Wiki nzima nilijidanganya hivyo kabla sijagundua kwamba nafanyia mazoezi kosa lilelile.

Nikamfuata mama mkwe wangu, Penina.

"Mama, naomba ukae nyuma yangu unisalimie. Nami sitakuitikia."

Aliacha kupukuchua mahindi. "Mkamwana asiyeitikia salamu? Majirani watasema nimekuudhi nini?"

"Mpaka nitue tu, Mama. Nikishatua nitaitikia zote."

"Zote?"

"Zote. Hata moja sitaiacha."

Siku ya kwanza alinuna. Siku ya tatu akanogewa. Alisubiri nifike futi mia tatu ndipo aanze: wifi yangu kapata mchumba, ng'ombe kaingia kwenye ngano ya watu, Lilian kaota jino. Hilo la jino la mwanangu lilinigeuza shingo, na ndege ikaenda chini.

"Umekufa, mama Lilian," akasema, akaendelea na mahindi yake.

Wiki ya tano alinisalimia mpaka sauti ikamkauka, na mishale ya vyombo vyangu haikucheza. Nikajua niko tayari.

Siku ya kupimwa, kofia kichwani, tukashuka tena Kilimanjaro. Kwenye futi mia tano ikaja sauti ileile ya upole.

"Mama yako hajambo?"

Sikujibu.

"Mvua imewafikia?"

Nikarekebisha mwelekeo kwa digrii mbili.

"Mtoto ameanza kutembea?" Akangoja kidogo, kisha akasema kama mtu aliyeumia, "Mwanangu, mtu mzima anasema nawe."

Hilo liliniuma kweli. Mkono wangu ukabaki palepale. Futi mia mbili akaniambia nivue kofia, na barabara ya ndege ilikuwa mbele yangu, imenyooka. Nikatua, nikaegesha, nikazima injini. Ndipo nikamgeukia.

"Shikamoo, Kapteni. Mama hajambo, mguu tu ndio unamsumbua. Mvua ilitufikia Jumanne, maharage yamesimama vizuri. Mtoto bado anatambaa. Na mtu mzima nilimsikia."

Akatoa kalamu mfukoni.

"Marahaba," akasema, akatia sahihi.