Jora Moja la Kijivu

Mzee tarishi alifungua ofisi ya kijiji saa mbili asubuhi, akafagia, akanyunyiza maji sakafuni ili vumbi litulie, akafuta meza, kisha akaliweka sawa koti la mwenyekiti lililoning'inia kwenye mgongo wa kiti. Koti hilo lilikuwa hapo tangu mvua za mwaka jana, na kazi yake ilikuwa moja tu. Mtu akija kumwulizia mwenyekiti, tarishi alilionyesha kwa kidole na kusema, "Yupo, katoka kidogo." Nani angebishana na koti? Mtu alikaa kwenye benchi akasubiri mpaka njaa imwondoe.

Siku hiyo kwenye benchi alikuwapo Mama Pindo, fundi cherehani wa kijiji, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna pindo lililowahi kufumuka baada ya kupita mikononi mwake. Alikuja kufuatilia jambo la binti yake. Alikuwa ameshazungushwa vya kutosha, njoo kesho, njoo Jumatatu, na sasa alikaa akilitazama lile koti kwa jicho la kazi, maana ndiye aliyelishona: suti nzima, koti na suruali, kitambaa cha kijivu chenye mistari myembamba, vyote kutoka jora moja. Kifungo cha katikati kilikuwa kimeanza kulegea.

Mbele yake kulikuwa na mkulima aliyetaka barua yake igongwe muhuri. Ilipokaribia saa nne, koti likanyoosha mkono wa kulia, likachukua muhuri, likaugusisha kwenye pedi ya wino, likaigonga barua. Mkulima akashukuru, akaikunja barua, akaenda zake. Mzee tarishi akaisogeza pedi karibu zaidi, kwa kuwa mikono ya koti ilikuwa mifupi kidogo. Mama Pindo akaona haya. Siku ya kupima alimwambia mwenyekiti waongeze inchi moja, na mwenyekiti akakataa katakata.

Tangu hapo shughuli za ofisi zikachangamka. Koti halikutoka kwenda kunywa chai. Halikupokea simu katikati ya maneno ya mtu, wala halikumwomba mtu ya soda ndipo limsikilize. Baada ya saa nane lilisinzia, kola ikaanguka mbele, lakini hata mwenyewe alikuwa hivyohivyo. Watu walibishana kidogo kama inafaa kuliamkia, maana kwa umri lilikuwa dogo ila kwa cheo lilikuwa kubwa, mwishowe wakakubaliana kwamba shikamoo haimpunguzii mtu kitu. Mama Pindo peke yake hakuliamkia. Aliona haiwezekani mtu aamkie alichokishona mwenyewe.

Na mwenyekiti? Alikuwa dukani kwake akiuza misumari na mabati, amekunja mikono ya shati. Akiulizwa jambo la kijiji alijibu, "Hayo nendeni ofisini, koti lipo." Siku moja alihitaji muhuri kwa ajili ya kiwanja chake, akaja mwenyewe, na koti likamwonyesha benchi. Alisubiri mpaka adhuhuri, kisha akaondoka akisema atarudi kesho. Mchana huo kijiji kizima kilikula kwa hamu.

Jambo la binti wa Mama Pindo lilikuwa la pampu. Msichana alisomea mambo ya maji chuoni, akarudi na cheti chake, akakuta pampu ya kijiji imekaa kama mzoga, kina mama wanashuka mtoni na ndoo. Akaifungua, akaisafisha, akaibadilishia mkanda, ikanguruma. Watu wakamwita Injinia, kwanza kwa utani, halafu kwa kuzoea. Mwenyekiti alisimama pale bombani mbele ya umati, akanawa mikono kwa maji ya kwanza na kutamka, "Huyu kwa sasa anajitolea tu. Nafasi ikitoka, wa kwanza ni yeye." Umati ukapiga makofi. Tangu siku ile Injinia alikuwa akiwahi pampu kila alfajiri, anarudi mchana mikono imejaa grisi, na hajawahi kutia mshahara mkononi. Alikuwa amemwambia mama yake waziwazi: nafasi ikitoka akaikosa, anafunga begi anakwenda kwa shangazi yake, huko atauza hata vitumbua.

Nafasi ya kwanza kutoka ilikuwa ya karani. Waliomba wengi, wakiwemo mjane aliyewahi kuwa karani wa ushirika na kijana aliyeongoza darasa lake kuanzia mwanzo wa shule hadi mwisho. Koti likawasikiliza wote kwa adabu, likawaaga kwa kupunga mkono. Kesho yake asubuhi ile suruali ya suti ilitoka nyumbani kwa mwenyekiti, ikapita barabara kuu ikiwa imenyooka pasi, ikaingia ofisini, ikaketi kwenye kiti cha karani na kupandisha mguu mmoja juu ya mwingine.

Foleni ya maji ililijadili jambo hilo kwa kina.

"Lakini haina mikono. Itaandikaje?"

"Kwani yule wa kabla yake alikuwa anaandika?"

"Hapo umesema."

Mama Pindo alikuwa kwenye foleni hiyo. Alikuwa amekielewa kitu ambacho wenzake hawakukielewa, na kilimkaa rohoni. Ile suruali alikuwa ameikata yeye, asubuhi moja na koti, juu ya meza moja. Hakuna aliyejua undugu wao kumzidi yeye.

Ilipotangazwa nafasi ya msimamizi wa pampu, hakupoteza muda. Alichukua sindano na uzi wa kijivu, akaenda ofisini kukaza kile kifungo. Koti likamtulizia kifua, likamwacha ashone. Alipofika kwenye fundo la mwisho aliinama karibu na kola na kunong'ona, "Mwanangu, mimi ndiye niliyekuleta duniani. Dada yako ana shida." Koti likangoja mpaka uzi ukatwe, likajipapasa kifungo, likaridhika, kisha likanyoosha mkono na kumwonyesha benchi. Mama Pindo alirudi nyumbani amefura. Kama lingekuwa na sikio, angelivuta.

Ndipo alipokumbuka mabaki. Kila fundi ana sanduku la vipande, na chini kabisa ya sanduku lake kulikuwa na kipande cha lile jora, kile ambacho mwenyekiti hakukiulizia. Akakikung'uta, akakitandaza, akapima kwa macho. Kingetosha sketi kwa kubanabana, ila mfuko usingepatikana. Mama Pindo akajisemea kwamba mfuko si kitu, mwenye mikono atashika mwenyewe, akakanyaga cherehani mchana kutwa. Injinia aliporudi akaikuta sketi imetundikwa msumarini, imepigwa pasi, inapendeza.

"Hii nini, mama?"

"Sketi. Ya kuvaa kwenye usaili."

"Naona ni sketi. Kitambaa cha nani?"

Mama Pindo akajifanya anatafuta sindano iliyoanguka.

"Mama."

"Cha suti ya mwenyekiti. Basi, nimesema. Watu wote wanaingia kwa mlango huo, wewe unataka upite dirishani?"

"Mimi nimesomea pampu. Wakinitaka, wanitake na ovaroli yangu."

"Ovaroli haina ndugu pale ofisini, mwanangu."

"Basi isiwe naye."

Wakalala, kila mmoja amegeukia ukuta wake. Mama Pindo alijua binti yake ana haki, na kwa sababu alijua, alikasirika zaidi. Alimtaka abaki. Nyumba ilikuwa ya wawili, na akiondoka mmoja, aliyebaki angepika chai ya nani?

Siku ya usaili Injinia alitoka amevaa ovaroli yake ya bluu, safi ila yenye doa moja la mafuta lisilosikia sabuni. Mama yake alimfuata baadaye kidogo na kusimama nje ya dirisha la ofisi pamoja na wambea wengine. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Alipotupa jicho kwenye benchi la waombaji aliona ile sketi imekaa mwishoni, pindo safi, mikunjo mahali pake. Ilikuwa imeshuka msumarini na kuja kwa miguu yake, ikiruka madimbwi. Waombaji wengine walikuwa wameshajisogeza kuipa nafasi.

Injinia aliitwa wa kwanza. Mzee tarishi alimsomea maswali kwa niaba ya koti: pampu ikivuta hewa utafanyaje, ikipata joto utafanyaje, kisima kikipungua utawaambiaje watu. Msichana akajibu kwa mdomo na kwa mikono, mpaka ungedhani pampu imewekwa pale mezani. Koti likatikisa kola mara kadhaa. Suruali haikushusha mguu. Tarishi, ambaye kila asubuhi alikunywa maji ya pampu hiyo, alikohoa na kusema, "Asante, Injinia, utajulishwa."

Ikaingia sketi. Koti likainuka kitini, jambo ambalo halikuwahi kulifanya kwa mtu yeyote tangu lining'inizwe pale. Suruali ikashusha mguu. Vikasimama pamoja katikati ya chumba, koti juu, suruali upande huu na sketi upande ule, na mistari ya kitambaa ikashikana, wa huku na wa kule, kana kwamba makasi hayajawahi kupita. Tarishi alikuwa bado na maswali yake mkononi. Aliyakunja akayatia mfukoni.

Matokeo yalitoka kabla ya adhuhuri. Jirani mmoja alimkumbatia Mama Pindo pale dirishani. "Hongera, mama! Wako kapata!"

Na kwa namna fulani alikuwa amesema kweli. Aibu ilimpanda Mama Pindo kutoka miguuni, ikamkaa usoni, akashindwa hata kumtazama binti yake aliyekuwa akitoka mlangoni. Injinia alipita, akamshika mama yake mkono, akamwambia kwa sauti ya kawaida, "Twende nyumbani. Jua kali."

Alifunga begi jioni hiyohiyo. Kulipokucha, kina mama walikuwa wameshapanga ndoo bombani, na sketi ilikuwa imewahi kazini, imeketi kwenye kigoda chini ya kivuli cha tangi. Ilisimamia vizuri. Ila haikujua pampu huwashwaje. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akaja mpaka mlangoni kwa Mama Pindo, akabisha hodi. "Injinia yupo? Maji hayatoki."

Injinia alilifungua begi, akatoa ovaroli, akalifunga tena. Alikwenda akainywesha pampu maji, akaiwasha, maji yakatoka. Koti lilitoa shukrani za ofisi kupitia kwa tarishi, likaahidi kwamba anaendelea kujitolea kwa sasa, na kwamba nafasi ikitoka, wa kwanza ni yeye.

Mwisho wa mwezi ukawadia. Koti likaita mshahara wa msimamizi, sketi ikasogea mezani, na hapo ndipo ilipoonekana kwamba haina mahali pa kuutia. Koti likafikiri. Kisha likaufungua ubavu wake, likautia mshahara kwenye mfuko wake wa ndani, ule wenye bitana ya hariri, uhifadhike. Ilikuwa hivyo mwezi huo na mwezi uliofuata. Jioni sketi ilirudi nyumbani, ikajitundika msumarini kwake, na Mama Pindo akaipiga pasi. Ilikuwa ya nyumba hiyo, angeifanyaje?

Lakini mfuko ule wa koti ulimnyima raha. Jioni moja aliichukua sketi, akaifumua ubavuni, akatafuta kipande cha jora katika sanduku zima. Hakikubaki hata cha kufunika kifungo. Akachukua mguu wa ovaroli ya zamani ya binti yake, bluu iliyopauka, akakata mfuko mkubwa, akaushona kwa mshono wa kurudia ambao hata mbuzi asingeung'oa.

"Unamdanganya nani?" aliuliza Injinia, akicheka.

"Sidanganyi mtu. Ni mfuko tu."

"Haya."

Siku ya mshahara Mama Pindo alisimama tena dirishani. Sketi ilisogea mezani, ikageuza ubavu, ikauonyesha mfuko wake mpya. Koti lilishika mshahara, likaupeleka mpaka kwenye mdomo wa mfuko, kisha likasita. Likaupapasa ule mfuko kwa ncha ya mkono, taratibu, kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Likatafuta mistari. Hakukuwa na mstari. Likaurudisha mkono, likafungua ubavu wake, likaweka mshahara palepale pa siku zote.

Mama Pindo alirudi nyumbani na kumsimulia binti yake jinsi ilivyokuwa. Injinia alisikiliza mpaka mwisho, hakucheka tena. Alfajiri alilivuta begi kutoka nyuma ya mlango, akalifungua, akatoa ovaroli, akalifunga. Karibu yake sketi ilikuwa inashuka msumarini. Mama Pindo aliipitishia pasi kwenye mikunjo, akamkabidhi binti yake chupa ya chai, wakatoka wote wawili kwenda kazini, binti na sketi, mmoja mbele, mmoja nyuma.