Mbwa Aliyeacha Kubweka

Kila mwaka pamba ikianza kuingia ghalani, walinda maghala wa Bariadi na vijiji vya jirani hukusanyika kwenye uwanja mmoja nje kidogo ya mji kushindanisha mbwa wao kuruka vizuizi. Mbwa huruka marobota ya pamba, hupenya ndani ya mapipa yaliyotobolewa pande zote mbili, hupanda ubao mwembamba na kushuka upande wa pili, na mwongozaji wake hukimbia pembeni akimwonyesha njia kwa mkono. Mgeni akiyaona mashindano haya mara ya kwanza atadhani kazi ni kuruka. Wapi! Kazi ni adabu. Mbwa akibweka mara tatu akiwa mstarini, anatolewa. Mwongozaji akipaza sauti, anakatwa alama. Na iko kanuni ya saba, iliyotungwa na watu waliopenda amani kuliko walivyopenda akili: tangu mbwa wa kwanza aingie uwanjani hadi wa mwisho atoke, ni marufuku kusema neno lolote juu ya mbwa wa mwenzako. Ukisema, wa kwako anatolewa.

Kanuni hiyo ilitungwa kwa ajili ya Generoza, na yeye mwenyewe alilijua hilo.

Mwaka uliotangulia Generoza, mlinzi wa ghala kutoka Ngulyati, alikwenda mbele ya mwamuzi akalalamika kwamba Chui, mbwa wa Joakim wa Nkoma, anabweka mfululizo mpaka mbwa wake Jeki hasikii amri. Lilikuwa jambo la kweli, kila mwenye masikio alilisikia. Chui akatolewa. Lakini kabla jua halijazama maneno yalikuwa yamezagaa kwamba Generoza ana wivu, na wengine wakaenda mbali zaidi, wakasema mwanamke anayemkazia macho mnyama wa mtu namna ile si wa kukaa naye karibu. Tuhuma za uchawi upande huu si mchezo. Generoza aliomba radhi mbele ya waongozaji wote, akampa Joakim mkono, akarudi nyumbani na hasira, akalala bila kula. Akaapa kwamba hatafungua tena kinywa chake juu ya mbwa wa mtu, hata kama ana pembe.

Sasa, Jumamosi hii, saa mbili na nusu asubuhi, Chui alikuwa mstarini hatua sita kutoka kwake, kimya kabisa.

Watu walikuwa wakimpongeza Joakim kwa ishara, maana maneno yamekatazwa. Mtu kuzungumzia mbwa wake mwenyewe inaruhusiwa, basi Joakim akazungumza. Alieleza kwa majivuno yaliyochanganyika na wasiwasi kidogo kwamba Chui hajabweka tangu juzi. Hanywi maji pia, na anadondosha mate, kwa hiyo wanadhani amekwamwa na mfupa. Mkewe Kabula, ambaye ana mikono midogo, alimwingizia vidole kooni asubuhi hiyo kuutafuta. Hakuupata, ila jino lilimchubua kidogo. Joakim akacheka, akasema mfupa huo na ukae hukohuko mpaka mashindano yaishe.

Hapo wakapita mbuzi wawili kando ya uwanja. Chui akaruka, akafumbua mdomo kubweka, na kilichotoka ni sauti kavu iliyokatika katikati, kama bawaba ya mlango wa bati. Akajaribu tena. Mate yakaning'inia hadi chini.

Generoza aliijua sauti ile. Alikuwa na miaka kumi na mmoja mbwa wa Bujiku, baba yake mdogo, alipopoteza sauti vivyo hivyo, na Bujiku naye akaenda kutafuta mfupa kooni. Wiki saba baadaye walimfungia chumbani, akilia kwa kiu na kupiga kelele kila alipoletewa maji, hadi akafa. Hakuna aliyewahi kumwambia Generoza kwamba kile ni kichaa cha mbwa. Alikuja kuelezwa na daktari wa mifugo akiwa mtu mzima. Daktari alimwambia na jambo la pili, ambalo lilimuuma zaidi: mtu akishachubuliwa anapona, akioshwa jeraha na kuchomwa sindano mapema. Ugonjwa ukishaanza, hakuna awezaye kumsaidia.

Na Kabula alikuwa anasafiri. Kila mtu uwanjani alijua, maana begi lake lilikuwa pale pale kwenye nyasi. Basi la saa nne kwenda Shinyanga, kisha gari la Mpanda, kisha porini Katavi waliko kaka zake na ng'ombe wao. Mke wa kaka mkubwa amejifungua mapacha, na Kabula anakwenda kuwalea kwa miezi miwili. Huko mtandao hakuna, na kambi huhama kufuata nyasi.

Kuna meza ya mwamuzi hatua ishirini tu. Mwamuzi, mzee Januarius, alifundisha mbwa wa ulinzi miaka mingi, na si mtu mbaya. Generoza angeweza kutembea hatua hizo ishirini. Alizipima kwa macho mara mbili, tatu. Chui ni namba tisa, Jeki ni namba kumi na moja. Akienda sasa, Jeki anatolewa, na kilichobaki anakijua neno kwa neno: tazameni, mbwa wa Joakim amenyamaza mwaka huu, na bado yule mama amemtafutia kisa. Na kama ni mfupa kweli? Kama amekosea? Atakwenda kuishi wapi?

Ndivyo alivyojiambia. Mimi nasema hakuwa na shaka hata chembe, shaka aliitafuta kwa sababu alikuwa na haja nayo.

Saa tatu na nusu Kabula alipita mstarini kuwaaga watu. Ni mwanamke mwenye adabu zake, hakumruka mtu. Alipofika kwa Generoza alipiga goti kidogo, akamwamkia kwa Kisukuma kama mama yake, "Mwangaluka, mayu." Akamwambia kwamba ya mwaka jana yameisha, kwamba wao nyumbani hawana kinyongo, na akampa mkono. Ulikuwa mkono wa kulia, wenye kitambaa cha khanga kwenye vidole viwili. Generoza aliupokea. Aliuhisi ulivyokuwa mdogo na wa moto.

"Kidonda hicho kioshe na sabuni," alisema. "Kioshe sana. Pita hospitali kabla hujapanda basi."

"Mchubuko tu huu, mayu. Nitapita nikifika."

"Pita hapa hapa."

Kabula akatabasamu, akashukuru kwa kuonewa huruma. Msimamizi wa mstari akawageukia wote wawili akiwa na kidole mdomoni. Neno lililobaki lilikuwa moja tu, lilikuwa tayari ulimini mwa Generoza, naye akalimeza. Pikipiki ikaja, begi likawekwa kwenye tangi mbele ya dereva, na Kabula akaondoka akipunga mkono wenye kitambaa mpaka akapotea nyuma ya malori ya pamba.

Chui aliingia uwanjani karibu na saa tano. Alikimbia kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana pale, akaruka marobota kana kwamba kuna kitu kinamfukuza, akapita mapipa, na alipofika kwenye ubao akasimama ghafla, akaung'ata. Aliung'ata mpaka ukatoa vipande. Joakim akamvuta polepole bila kupaza sauti, kama kanuni inavyotaka, na mbwa akamalizia. Watazamaji walipiga viganja mapajani, taratibu, ili wasiwashtue mbwa wengine. Mwamuzi akampa alama zote za ukimya.

Jeki naye aliruka vizuri. Generoza alikimbia pembeni yake akimwonyesha njia kwa mkono, na baadaye hakuweza kukumbuka hata kizuizi kimoja. Alishika nafasi ya pili.

Mbwa wa mwisho alitoka saa tisa kasoro. Joakim akamjia Generoza akicheka, mkono umenyooshwa, mnyororo wa Chui umefungwa mbali kwenye nguzo. "Mwaka huu naona umeridhika," alisema. Generoza hakuupokea mkono.

"Chui ana kichaa," alisema. "Mpigie mkeo simu."

Joakim alimtazama, kicheko bado kiko usoni kwa sababu hakijapata muda wa kuondoka. Kisha akageuka kumtazama mbwa wake, ambaye alikuwa anautafuna mnyororo, damu imechanganyika na povu. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, kwamba simu nyumbani kwao ni moja na anayo yeye mfukoni.

Mzee Januarius alimpigia afisa mifugo, na watu wakaondolewa uwanjani. Joakim na Generoza walikwenda stendi kwa pikipiki moja. Wakala wa basi alikuwa muungwana, akapiga simu bila kuuliza maswali mengi. Basi lilifika Shinyanga saa saba. Kondakta alimkumbuka mama mwenye kitambaa mkononi. Alimsaidia kushusha begi, akamwonyesha magari ya Mpanda. Gari gani, hakujua. Yalikuwa matatu, na yote yameondoka. Joakim alitaja majina ya shemeji zake, akaulizwa wanakaa kijiji gani, akasema hawakai kijijini. Wakala akaandika majina kwenye karatasi, akaahidi kuwauliza madereva wanaorudi.

Hospitali walimchoma Joakim sindano ya kwanza jioni ile ile, maana alikuwa na mikwaruzo, na mbwa alikuwa amemlamba mikono siku mbili nzima. Muuguzi alimwandikia tarehe za kurudi. Joakim akasema hatarudi, atachomwa nyingine huko huko njiani, kesho alfajiri anakwenda kuzungukia kambi zote za Katavi hadi ampate.

Walikaa kwenye benchi nje ya wodi. Generoza alikuwa anangoja atukanwe, na angeshukuru. Joakim hakutukana. Alikunja karatasi ya muuguzi mara nne, akaitia mfukoni pamoja na simu.

"Ulijua saa ngapi?" aliuliza.

Angeweza kusema ni pale mbwa alipoung'ata ubao, na hakuna ambaye angejua. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alisema lote.

"Kabula alikuwa amenishika mkono," alisema Generoza. "Nilikuwa najua tayari."